Maganda Mabichi

Mvua ilinyesha Temeke siku tatu mfululizo, na maganda ya muhogo aliyoyaanika Kokushubila yakaota ukungu. Siku ya nne aliyatupa. Akaenda kwa jirani yake, Mwanaasha, aliyemenya mihogo ya makopa kila wiki, akakuta rundo jipya nyuma ya jiko. Mwenyewe alikuwa kisimani. Kokushubila akajaza pakacha, akarudi kummwagia mbuzi wake.

Kwao Bukoba mifugo hupewa maganda ya ndizi yakiwa bado yana maji. Ni kweli Mwanaasha alimwambia tangu mwanzo, "Haya yaanike kwanza, bibi." Aliitika, akidhani ni kwa ajili ya kuyaweka yasioze. Hakuuliza zaidi.

Haikupita nusu saa mbuzi akaacha kula. Alihema upesi upesi, ulimi nje, na povu likamtoka.

Ndani alikuwa amelala Demetria, mjukuu wake wa miezi miwili. Mama wa mtoto alifariki siku chache baada ya kujifungua, na tangu vita vichachamae maziwa ya kopo hayakuonekana madukani. Mtoto aliishi kwa maziwa ya mbuzi huyo mmoja, yakichanganywa na maji yaliyochemshwa.

Mwanaasha alitokea na ndoo kichwani, mwanawe Mwishehe mgongoni.

"Shikamoo, bibi. Mbuzi kala nini?"

"Marahaba. Maganda."

"Yapi?"

"Ya kwako. Ya leo."

Mwanaasha akaitua ndoo, maji yakamwagika. "Mabichi? Bibi! Ule muhogo mchungu, sumu yake hutoka kwa jua! Nyie watu wa ndizi mtaniua mie!"

"Uliniambia niyaanike. Hukuniambia kwa nini."

Mwanaasha aliliinamia pakacha. "Kweli. Sikukwambia."

Waliliondoa pakacha, wakamvuta mbuzi kivulini. Akapiga magoti.

"Dawa yake nini?"

"Siijui. Mbuzi wa mjomba wangu alikufa kabla sijamaliza kusonga ugali. Huyu akifika adhuhuri, huenda akapona."

Demetria akaamka akilia. Kokushubila alichukua kibuyu, akamwendea mbuzi.

"Usimkamue!" Mwanaasha alimshika mkono. "Utampa mtoto sumu?"

"Ana njaa, mwanangu. Ya alfajiri yamekwisha."

Walimnywesha mtoto maji ya sukari kwa kijiko. Akayatema. Kilio kikawa chembamba, na hicho ndicho kilichomtisha Kokushubila, kwani mama wa mtoto naye alianza hivyohivyo, kwa sauti kupungua.

Mwanaasha alimfungua Mwishehe mgongoni, akaketi juu ya jamvi.

"Mlete. Lakini nisikilize, bibi. Mbuzi hata akipona, maziwa yake utayamwaga siku mbili tatu. Basi huyu atanyonya kwangu si mara moja. Zikifika mara tano, kwa dini yetu yeye na Mwishehe ni ndugu. Hawataoana, hata mkihama, hata mkisahau. Kwetu ziwa haliazimwi kama kinu."

"Na mumeo?"

"Mfaume nitasema naye mwenyewe. Wewe sema na mwanao."

Kokushubila alisimama na mtoto mikononi. Baba wa mtoto, Audax, alikuwa mjini, karani wa reli, na hakuwa mtu wa kupangiwa mambo. Mtoto alikuwa wake. Kumfunga undugu na watu wa dini nyingine bila kumuuliza, lilikuwa jambo gani hilo?

"Atarudi jioni," alisema.

"Haya. Mwambie mjukuu wako asubiri mpaka jioni," Mwanaasha akamjibu, akinyoosha mikono.

Akampa. Mtoto alinyonya kwa pupa hata akapaliwa. Mwishehe akakisukuma kichwa kile kigeni kwa viganja viwili, mama yake akacheka: "Sogea, bwana mkubwa, umepata mgeni."

Adhuhuri mbuzi alikuwa hai. Alasiri alisimama, miguu ikitetemeka, na kabla ya jua kuchwa akaanza kucheua. Audax aliporudi aliuliza habari za mbuzi. Kokushubila akasema hajambo. Alitaka kuendelea, lakini angeanzia wapi? Angeanzia kwenye maganda. Akapakua chakula.

Usiku Demetria alikubali maji ya sukari. Kesho yake Kokushubila alivuka ua kila mtoto alipolia. Mwanaasha alihesabu kwa vidole bila kuficha. Saa tisa mchana alimwinua Demetria begani, akampigapiga mgongo.

"Tano," alisema. "Sasa ni wangu pia. Baba yake kasemaje?"

Kokushubila alimpokea mtoto, akamfunika vizuri, akamfunika tena.

"Leo nitamwambia," alisema.