Miche Mitatu ya Aldersyke

Mavis Tunnicliffe alikuwa mwizi, tena mwizi hodari. Kwa miaka thelathini hakuna bustani ya jumba la kale aliyoitembelea akatoka mikono mitupu. Mkasi wa kucha mfukoni, karatasi mbichi ndani ya mkoba. Akiinama kusoma kibao cha jina la ua, kitawi kimoja kimeshaingia. Wanawake wengi wa rika lake wilayani walifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Jumapili hii mambo yalikuwa kinyume. Alikuja jumba la Aldersyke kurudisha.

Gazeti la wilaya lilikuwa limeandika kwamba mvua za majira ya baridi zimeliua ua la Binti wa Aldersyke: dogo, jeupe, lenye ukingo mwekundu na harufu ya karafuu, lililozalishwa na mtunza bustani wa jumba lile karne mbili nyuma, na lisiloota penginepo. Lisiloota penginepo! Mavis alikuwa nalo dirishani jikoni, vyungu vitatu.

Angeweza kupiga simu. Lakini mumewe, Clifford, alijitolea kila Jumapili kulinda chumba cha vitabu cha jumba hilo hilo, akiwakataza wageni kugusa. Clifford aliwahi kuendesha gari maili nne kurudi hotelini, kisa kalamu yao aliyoisahau mfukoni. Mavis hakuogopa polisi. Aliogopa macho ya mtu huyo.

Basi Clifford alipoingia kazini, yeye alipiga magoti kwenye kitalu kilicho kando ya ukuta wa matofali, akapanda miche yote mitatu. Hakutaka tena kuuona hata mmoja nyumbani. Alikuwa akishindilia wa mwisho alipoona viatu vya mpira mbele ya pua yake.

"Toa mkono hapo, mama."

Alikuwa Tamsin Orrell, mtunza bustani, binti wa miaka ishirini na kitu, matope hadi magotini.

"Sijachukua kitu," alisema Mavis.

"Wote hamjachukua kitu. Mwaka jana kichaka kizima kimekwisha, na hakuna aliyechukua kitu. Fungua mkoba."

Mkoba ulifunguliwa. Mkasi huo, karatasi mbichi hiyo. Papo hapo akatokea Clifford, yuko mapumzikoni, kikombe cha chai mkononi.

"Kuna nini?"

"Huyu mama anaiba mimea."

"Huyu mama ni mke wangu! Tangu nimwoe hajaokota hata tufaa lililoanguka kwa jirani. Mwombe radhi, binti."

Tamsin aliitazama miche. "Na hii je? Mmetuletea magonjwa ya kwenu?" Akainama kuing'oa. Mmea wowote usiojulikana ulikotoka ulikuwa lazima uchomwe moto, usije ukaeneza magonjwa. Ndiyo ilikuwa amri.

Mavis angenyamaza, angebaki msafi machoni pa mumewe hadi kaburini. Ua ndilo lingekwisha.

"Usiing'oe! Imetoka hapa hapa. Niliiba mimi, miaka ishirini na miwili iliyopita. Nusa!"

Mche mmoja ulikuwa na ua dogo lililojificha chini ya majani. Tamsin alinusa, akakaa kitako matopeni. "Mungu wangu," alisema, machozi yakimlengalenga. Kisha akamwita meneja kwa redio ya mkononi.

Clifford alimtazama mkewe vile vile Mavis alivyokuwa akiogopa kutazamwa.

"Yale maua uliyompelekea mama yangu hospitalini?"

"Ya hapa."

"Waridi la mlangoni?"

"La jumba la Penhallick."

"Bustani nzima, Mavis?"

"Nyanya tulinunua."

Clifford hakucheka. Meneja, Bwana Pym, alifika na kalamu na fomu. Alifurahi kweli kweli, akamshika Tamsin bega. Lakini wizi ni wizi, akasema, na lazima jina liandikwe. Mwenye jina hilo hatakanyaga tena Aldersyke.

"Nani aliyeiba?"

"Mimi," alisema Clifford.

Alikuwa mwekundu hadi masikioni, akitazama bomba la moshi juu ya paa. "Nilikuwa... napita tu. Nikakata. Kwa... kijiko."

Tamsin alitazama viatu vyake. Miaka yote ile Mavis amejificha machoni pa mtu huyu, na sasa mtu huyu anauza jina lake jema kwa ajili ya mkewe, na hata kuuza hajui.

"Usimsikilize mwongo huyo," alimwambia meneja. "Andika Mavis."

"Nyamaza, Mavis."

"Sinyamazi. Andika!"

Bwana Pym aliwatazama wote wawili, akashusha pumzi, akaandika majina yote mawili.

Waliondoka kwa njia ya changarawe, polepole, kwa sababu magoti ya Mavis yalikuwa yamekakamaa. Walifika karibu na lango.

"Umeniharibia uongo wangu wa kwanza," alisema Clifford.

"Kwa kijiko, Clifford?"

Alimpa mkono ajishikize, na Mavis akaushika kwa mkono wake uliojaa udongo.