Shamba la Mwani la Mwalimu Kissa

Barua pepe ya Daktari Octavian ilikuwa fupi. Mwalimu Kissa aliisoma mara mbili akiwa amesimama mbele ya tangi lake la kioo, sebuleni, katika nyumba aliyopanga Mbulu mjini. Kituo chake cha utafiti wa bahari, kule Tanga, kilikuwa kimemkabidhi vipande kumi na viwili vya matumbawe hai, ili ajaribu kuvikuza mbali na pwani. Viwili vilikwisha kufa. Picha alizotuma Kissa zilionyesha vingine vikifunikwa na mwani. Wiki nane baadaye Daktari angekuwa na semina Babati. Angepanda Mbulu mwenyewe, na kama hali ingekuwa ileile, angevichukua vyote.

Kissa aliweka simu mezani. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, katika ofisi ya walimu, alisema mbele ya wenzake wote kwamba kipande cha bahari kinaweza kuishi Mbulu, mahali ambapo watu huvaa sweta saa sita mchana mwezi wa Julai. Walicheka. Alinunua hita, pampu, taa na magunia ya chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari, na kwa miezi kumi hakuna aliyecheka tena. Sasa walikuwa wameanza kumwuliza habari za bahari yake kwa sauti ya pole, na pole hiyo ilimuuma kuliko kicheko. Lakini si hilo tu lililomnyima raha. Kila asubuhi alipowasha taa alivitazama vile vipande vikifunua vidole vyake vidogo, na hakutaka kuamka siku moja akute tangi tupu.

Mwani ulianza kama doa la kijani juu ya jiwe. Baada ya mwezi ulikuwa manyoya marefu yanayopepea. Uliziba mawe, ukapanda juu ya matumbawe na kuyanyima mwanga. Kissa alipambana nao kwa utaratibu. Aliacha maji ya bomba akatumia ya mvua. Alipunguza saa za taa. Samaki wake wawili walikula mara moja kwa siku. Kila Jumamosi alisugua mawe kwa mswaki mpaka maji yakawa kama mboga iliyosagwa, kisha akaacha yatulie. Alipima nitrati na fosfati kwa matone ya dawa ya kupimia, na kila mara kipimo kikamwambia kwamba maji ni safi. Hapo ndipo akili yake ilipogota. Mwani hula nitrati na fosfati. Kama havimo, unakula nini?

Jumamosi iliyofuata barua, Mama Renatus, mwenye nyumba, aliingia na maziwa akamkuta amezamisha mikono yote miwili ndani ya tangi. Mama Renatus alifuga ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba na kulima matuta ya maharage na viazi hadi ukingoni mwa korongo. Hakulipenda sana tangi lile. Kissa aliwahi kumwaga maji yake ya chumvi uani, na mstari mzima wa maharage ukakauka. Maharage hayo hayakuwa yamesahauliwa.

Kissa alimwamkia shikamoo bila kutoa mikono majini.

"Marahaba, mwalimu. Leo unapalilia?"

Kissa alicheka kidogo, akamweleza yote: barua, wiki nane, na kipimo kisichoona kitu. Mama Renatus aliweka chupa ya maziwa chini, akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo. Alitazama vipande vya mwani vilivyokatika vikizunguka majini na kujificha kati ya mawe.

"Hayo majani uliyoyakata unayapeleka wapi?"

"Mengine nayatoa. Mengine yanazama."

"Yanaozea humohumo."

"Ndiyo, mama."

"Na samaki nao wanajisaidia humohumo." Mama Renatus alinyooka. "Mwalimu, wewe unatia samadi shambani kila siku, halafu unashangaa majani. Hicho kidude chako kitaionaje samadi? Imekwisha kuliwa. Iko tumboni mwa majani."

Kissa alitoa mikono majini. Maji yalimchuruzika hadi kwenye viwiko na hakuyafuta. Mzunguko wa nitrojeni aliufundisha kidato cha tatu kila mwaka, kwa mchoro wa mishale na chaki za rangi mbili. Mishale ile ilikuwa ikizunguka ndani ya sebule yake, na yeye, Jumamosi baada ya Jumamosi, alikuwa akiisukuma kwa mswaki.

Aliuliza afanye nini basi. Mama Renatus alijibu kama anayeulizwa njia ya sokoni. Yeye alipotaka ng'ombe wasikanyage maharage, aliwaoteshea majani yao kando, akawa anakata na kubeba. Majani ya mwalimu nayo yapewe shamba lao, mahali pazuri kuliko mawe. Yakinenepa huko, yakatwe na kutolewa nje ya nyumba, yatoke na samadi yao.

Walijenga siku hiyohiyo. Kissa alitoboa ndoo karibu na kitako, akaifungia bomba la kurudisha maji na kuiweka juu ya rafu, juu kidogo ya tangi. Mama Renatus alileta mfuko wa wavu wa vitunguu, akausugua kwa msasa ili mwani upate pa kushika. Wavu ulining'inizwa ndani ya ndoo. Pampu ilipandisha maji, yakauteremkia kama pazia, yakarudi tangini. Taa yenye mwanga mkali ilielekezwa juu yake.

Wiki ya kwanza wavu ulibaki mweupe. Wiki ya pili ulipata utelezi wa kahawia, na Kissa akaingiwa na wasiwasi, kwa sababu mawe yalikuwa ya kijani vilevile. Alitaka kuongeza taa nyingine. Mama Renatus alimwuliza kama huwa anavuna mahindi siku ya kupanda, kisha akaenda zake kukamua.

Wiki ya tatu wavu uliota mwani. Ulikuwa kijani kibichi, mfupi, mzito. Mama Renatus aliuvuta kwa vidole viwili na kuagiza usinyofolewe wote. Mizizi ibaki, ili uchipue upesi. Kissa alikwangua kwa kadi ya simu, akaupima mwani kwa mizani ya jikoni na kuandika uzito. Nao uliruhusiwa kuingia katika lundo la samadi baada ya kulowekwa siku mbili katika maji ya mvua, kwa heshima ya maharage.

Kisha mambo yakageuka. Kila Jumamosi wavu ulitoa zaidi, na kila Jumamosi mawe yalitoa pungufu. Manyoya yalipauka, yakakatika, yakavutwa nje kwa mpira wa maji kabla hayajaoza. Wiki ya sita jiwe la kwanza lilionekana lote, na rangi yake ya zambarau. Wiki ya saba kipande kimoja kilichokuwa kimejikunyata tangu Februari kilifunua vidole. Kissa aliita kwa nguvu mpaka Mama Renatus akaja mbio na ndoo ya maziwa mkononi, akidhani nyumba inaungua. Alitazama, akahema, akasema kimezaliwa vizuri.

Daktari Octavian alifika Jumanne ya mwisho wa Mei, viatu vikiwa vyekundu kwa tope, amebeba sanduku la kuhifadhia baridi. Kissa alimkaribisha kiti. Hakukaa. Alihesabu matumbawe: kumi, yote yamefunuka, moja limeenea juu ya jiwe upana wa kiganja. Alihesabu tena. Akafungua mkoba, akapima maji kwa vifaa vyake mwenyewe, akatikisa kichwa kwa mshangao.

Mama Renatus alikuwa amesimama mlangoni. "Wewe ndiye uliyekuja kuchukua mifugo ya mwalimu?"

"Nilikuja hivyo, mama," alisema Daktari. Aliinama juu ya ndoo. "Nimewahi kusoma habari za kitu kama hiki. Sijawahi kukiona kikijengwa kwa mfuko wa vitunguu."

Aligusa wavu kwa kidole. Kisha alikiri, bila kumtazama yeyote, kwamba tangi kubwa la kituo, hatua mia mbili kutoka baharini, lilikuwa na mwani huohuo kwa miaka miwili, na mafundi wake walikuwa wakilisugua kwa brashi.

"Na wanayaacha majani yaoze humohumo," alisema Kissa.

"Humohumo. Likizo ya Juni uje Tanga utufundishe, Kissa. Na mama huyu pia."

Mama Renatus alisema angefikiri, maana ng'ombe hawaendi likizo.

Kissa alilichukua lile sanduku, akatoka nalo hadi kwenye gari la Daktari, akaliweka nyuma likiwa tupu, akafunga mlango wa gari kwa kishindo kilichosikika hadi barabarani.