Vidato Vinne vya Dada

Dada yangu ndiye aliyenipachika jina la Milimita, na msidhani alikuwa ananisifu. Zamani aliniomba nimchomelee rafu ya vyombo, nikakaa nayo mwezi mzima kwa sababu mguu mmoja ulizidi mwenzake kwa kitu ambacho, kwa maneno yake, hata sisimizi asingejikwaa nacho. Tangu hapo mtu akiulizia fundi wa matrela anaelekezwa kwa Milimita. Jina limenikaa. Mimi ni mtu wa vipimo, na ukinihimiza nafura.

Kwa hiyo yeye na shemeji walipoleta trela lao karakanani walijua wanaingia kwa nani. Lilikuwa trela la safari, lenye kitanda, jiko dogo na madirisha mawili, walilolinunua siku walipostaafu ualimu. Walishazunguka nalo kila mahali isipokuwa kwa mama. Mama yetu anaishi ng'ambo ya mto wa mawe usio na daraja. Unavuka majini, basi. Mwaka juzi walijaribu, ekseli ikagonga jiwe, wakarudi trela likitembea upande upande. Naye mama macho yamekwisha, magoti yamekwisha, haendi popote. Ukimtaka unamfuata.

"Safari hii nataka kufika," dada alisema. Alisema akiwa amekaa, na mimi nilikuwa bado sijazoea kumwona amekaa. Ugonjwa ulikuwa umemla mpaka pete ya ndoa alikuwa anaivaa kidole gumba. Daktari alimruhusu kusafiri kwa sharti moja: kila baada ya saa moja garini, alale ajinyooshe. Ndiyo maana trela. Tungesimama kila saa, ashuke garini, apande alale kidogo, tuendelee. Siku mbili kwa mwendo huo.

Shemeji alinivuta pembeni. "Daktari amesema miezi. Hakusema mingapi."

"Nimekusikia, shemeji."

"Basi usituletee umilimita wako."

"Unataka livuke au lisivuke?"

Nilimshinda kwa mdomo, na leo natamani angenishinda yeye.

Watu wengi hawaelewi uvungu wa trela. Wanadhani ukiinua boksi la juu umemaliza kazi. Ekseli yenyewe haiinuliwi na kitu kingine ila tairi; ukitaka ipite juu ya jiwe, tafuta tairi kubwa zaidi. Nikatafuta makubwa, tena ya kubebea mzigo, si yale malaini ya gari la kwenda sokoni. Rimu za kwanza zilikuja na matundu matano wakati boliti ni sita, nikazirudisha pamoja na matusi. Za pili zikaingia vizuri, lakini tairi likagusa madigadi. Hapo ikabidi niishike ekseli. Ilikuwa imefungwa juu ya springi. Nikachomelea vikalio vipya ili ikae chini yake, na trela zima likainuka. Wiki mbili zikaisha hapo. Hizo sizijutii, hata Mungu akiniuliza. Siku nilipopitisha ngumi kati ya tairi na madigadi, ikapita bila kugusa, nilicheka peke yangu karakanani.

Wiki ya tatu ndiyo yangu. Wiki ya tatu nilipaka rimu rangi.

Rangi ya fedha, mikono mitatu, na kila mkono ukauke vizuri kabla ya mwingine. Nilitaka watu wa njiani waulize ni kazi ya nani. Dada akapiga simu.

"Milimita, bado tu?"

"Rangi inakauka, dada."

"Rangi ya nini?"

"Ya rimu."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikasubiri kiishe. "Haya," akasema. "Mama haoni, lakini tutamwambia zinang'aa."

Walikuja asubuhi, yeye akiwa na mkoba na sweta jipya la mama kwenye mfuko. Alilizunguka trela polepole, akalipiga tairi kofi dogo. "Jamani, limekuwa refu!" Nikaanza kumtajia namba: uvungu ulikuwa kiasi gani, sasa ni kiasi gani, mto una kina gani. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto aliyekuja na alama nzuri. Kisha shemeji akafungua mlango.

Kipandio cha mlangoni, kile cha kukunja, kilikuwa kimekwenda juu pamoja na trela. Nililiona hilo pale pale, kabla dada hajainua mguu. Aliinua. Ncha ya kiatu ikagonga bati. Akashika mlango kwa mikono miwili, akajaribu tena, mguu ukafika pale pale ulipofika mwanzo.

"Hebu nipumzike kwanza," alisema, akakaa juu ya tairi moja kuukuu.

Nilikuwa nimepima kutoka ardhini hadi ekseli, kutoka tairi hadi madigadi, kutoka ndoano ya gari hadi shingo ya trela. Wiki tatu tepu ya kupimia haikunitoka mfukoni. Mguu wa dada yangu sikuupima. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mteja yeyote.

"Nitambeba," shemeji alisema.

"Wewe? Na mgongo huo?" dada akamjibu. "Kila saa, siku mbili? Tutafika kwa mama wagonjwa wawili, achanganyikiwe amuuguze nani."

Nikampigia magoti, tepu mkononi. "Inua mguu, dada. Ukianza kuuma, simama."

Akainua. Niliangalia tepu, nikaangalia tena.

"Soma basi," alisema.

"Kumi na tatu."

"Sentimita?"

"Sentimita."

"Siku nilipokuletea trela nilikuwa bado napanda ngazi za nyumbani." Hakusema kwa kunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kushika.

Kutoka ardhini hadi sakafu ya trela zilikuwa sitini na tano. Nikakata chuma cha vidato vinne, kila kimoja kimepanda kumi na tatu juu ya mwenzake, na cha mwisho kinakuachia kumi na tatu za kuingia mlangoni. Pembeni nikaweka bomba la kushikilia. Ilinichukua saa mbili na nusu. Sikupiga msasa, sikupaka kitu, matone ya kuchomelea yalibaki yameganda kwenye chuma kama uji uliomwagika. Nikaviweka mbele yake.

"Hujavipaka rangi," alisema.

"Sina muda."

"Tangu lini?"

Akapanda. Mguu mmoja, kisha wa pili ukiufuata pale pale, kama mtoto anayejifunza. Alipofika ndani alijilaza, akachungulia dirishani. "Kumbe huku juu kuzuri," akasema. "Mngeniambia mapema."

Nilikwenda nao. Nilisema ni kwa ajili ya kusimamia uvukaji, na shemeji hakuuliza zaidi. Siku ya kwanza tulisimama mara saba. Kila mara nilishuka mbio, nikatoa ngazi nyuma ya gari, nikaiweka, nikaikanyaga ikae sawa, na dada akapanda. Mara ya saba alihesabu kwa sauti: "Moja, mbili, tatu, nne, nyumbani."

Siku ya pili, kituo cha tatu, hakutaka kushuka.

"Niacheni humu humu. Mto uko mbali?"

"Saa moja hivi."

"Basi tukifika uniamshe. Nataka nisikie kama litagonga."

Mtu haruhusiwi kukaa ndani ya trela linalotembea. Nimewafokea wateja wangapi kwa jambo hilo! Siku hiyo sikufoka. Shemeji alibaki naye, mimi nikaendesha taratibu, nikikwepa kila shimo.

Ukingoni mwa mto nilisimamisha gari, nikaweka ngazi, nikagonga mlango. Shemeji alikuwa amekaa sakafuni, ameushika mkono wa dada.

"Amelala," aliniambia. Halafu akasema, "Hajalala."

Nikamgusa dada shavuni. Nilimwita kwa jina ambalo ni mimi tu niliyelitumia tangu utotoni, mara mbili. Sweta la mama lilikuwa chini ya kichwa chake.

Tulikaa pale muda mrefu. Mwishowe shemeji akauliza, "Turudi?"

"Tuvuke."

Niliingia majini kwa gia ya kwanza, vioo vimeshushwa, nikisikiliza. Maji yalifika katikati ya rimu. Upande wa kushoto tairi lilipanda jiwe, likashuka, likapanda jingine. Sikusikia chuma. Nilisikiliza mpaka gurudumu la mwisho likatoka kwenye tope la upande wa pili.

"Halikugonga, dada," nilisema, peke yangu ndani ya gari, na hapo machozi yakanishinda.

Mama alikuwa nje kwenye kigoda, kichwa amekiinamisha upande wa gari. "Nimesikia mmevuka," alisema. "Mwanangu yuko wapi?"

Shemeji hakuweza. Nikachuchumaa mbele ya mama, nikamshika mikono. "Mama, yuko ndani ya trela. Ametutoka njiani, kabla ya mto."

Vidole vyake vilikuwa vinabana vyangu kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo bado. Kisha akasema, "Nipeleke."

Niliweka ngazi kwa mazoea tu, maana nilijua nitambeba. Mama hajapanda kitu chochote miaka mingi. Lakini alisogeza mguu, akapapasa kidato cha kwanza, akakipanda. Akapapasa cha pili.

"Hizi ngazi mbona fupi?" aliuliza. "Ulimtengenezea mtoto?"

"Nilimtengenezea mwanao, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, akapanda cha pili, miguu yote miwili, kisha cha tatu. Nilinyoosha mkono, akausukuma. Kiganja chake kilipita juu ya bomba na yale matone yaliyoganda.

"Linakwaruza."

"Sikupata muda wa kulipiga msasa."

"Liache hivyo hivyo," alisema, akapanda cha nne, akaingia.

Mimi nilibaki chini. Nilisikia kitanda kikilia alipokaa, nikasikia akipapasa mashuka, nikasikia amempata. Halafu akamuuliza dada kwa sauti ya chini, ile ya kutuamshia zamani, mbona umechelewa hivi mwanangu. Jibu nilikuwa nalo mimi. Nilikaa mchangani, nikaegemea tairi, rimu iking'aa mgongoni kwangu, nikalia.