Mkanda Chini ya Kiti Kikubwa

...na asiyeamini asiamini, oda arobaini na mbili kijana alizipanga kwenye kompyuta kabla ya chai, peke yake, kila kitu chini ya mzazi wake, kiti cha magurudumu juu, halafu mto, vibao vya kukanyagia, mkanda wa kifua, vimejipanga kama watoto nyuma ya mama yao kwenye foleni ya chanjo, na yeye shule aliiacha kidato cha pili, ilhali huyu bosi wao, Profesa wanavyomwita, aliyesimama mbele ya skrini, digrii mbili ukutani, shati limechomekewa mpaka linaomba msaada, alihitaji wiki nzima kueleza jambo ambalo hata kuku angelielewa, "mstari wa juu ni mzazi, wa ndani ni watoto, ukimfuta mzazi watoto wote wanaondoka naye, tumeelewana jamani?"... tumeelewana, mzee, tangu Jumatatu tumeelewana, kaa chini upumue, "Nauliza tena," anasema Profesa kwa ile sauti yake ya kutangazia msiba, "nani aliugusa mstari huu?" na ofisi nzima ya huduma kwa wateja, watu sita wazima, wanatazama kucha zao, feni inatikisa kichwa kama iliyokwisha kukataa, na ng'ambo ya kioo, pale mapokezi, mama wa mtoto wa oda hiyo amekaa na mkoba magotini tangu asubuhi, maji aliyopewa hajayagusa, kiti kidogo kipya kiko mbele yake, kitupu, kwa sababu mtoto yuko hospitali, ameanguka kutoka kitini, jino limeng'oka na mdomo umeshonwa... basi, oda yenyewe, jinsi ilivyokuwa Jumanne, hiyo hapo ukutani kubwa kama tangazo, viti viwili kwenye oda moja, kikubwa kilichopimwa vibaya na kidogo kilichokuja badala yake, na mkanda wa kidogo unaelea hauna mzazi, na mtu wa kasi hasimami kusoma vipimo, anaburuta, anaachia, ukaingia chini ya kile kikubwa, kosa la nusu sekunde, halafu nani aliyekifuta kiti kikubwa bila kuchungulia ndani yake kuna nini? Profesa! Profesa mwenyewe na digrii zake, na fundi wa karakana naye, bwana karatasi, hufunga kilichoandikwa tu, karatasi haina mkanda basi hakuna mkanda, macho yake anayatumia kazi gani, kutazamia mpira? "Programu inasema ni wewe," Profesa anamgeukia Shemeji, mke wa kaka yake huyu bingwa wa oda, huyo huyo aliyemtafutia kijana kazi hii kwa kubembeleza watu miezi mitatu, "Jumanne, saa nne kasoro dakika saba, jina lako," na Shemeji anasema, "Mimi? Jumanne saa nne mimi nilikuwa..." halafu anaumeza mwisho wa sentensi, maana alikuwa kliniki, na tumbo lake la miezi saba, bila ruhusa, kwa kuwa huyu bwana ruhusa anaitoa kama anatolewa damu, na barua ya onyo la mwisho tayari imo kwenye faili lake, "Shemeji," alimwambia kijana asubuhi ile akimwachia kompyuta yake wazi, "wateja wakija waambie nimetoka kidogo, usiguse kitu, nakujua wewe," naye akamjibu, "Nenda zako Shem, ukirudi utazikuta oda zimeoga, zimekula na zimelala," na angefanyaje, jina lake mwenyewe kwenye programu lilikwisha kunyimwa ruhusa ya kuhamisha mistari, eti mpaka afaulu mtihani wa programu, mtihani! kwa mtu wa oda arobaini na mbili! na Shemeji aliporudi alicheka akamwambia wewe mtoto ni mashine, na sasa hamtazami, ameweka mkono juu ya tumbo anatazama skrini tu, anajua, hakika anajua, na hasemi... "Nangoja," anasema Profesa, ngoja, ngoja mpaka uote mizizi, kwa nini aseme yeye, waseme waliofuta, waseme waliofunga, ila mbona leo yeye, ambaye hata chooni huongea, tangu yule mama akae pale hajatamka neno, salamu kaitikia kwa kichwa, simu kamwachia jirani, na mlango wa mapokezi uko wazi, sauti inapita... kwa sababu yule mama hamjui kwa sura, ila sauti yake anaijua, hicho ndicho kipande anachokiruka kila akijisimulia, jana asubuhi simu ililia mezani kwake, "Mwanangu, kiti kimefika, asante, ila hakina mkanda, na huyu hawezi kujishika," na yeye, mashine, bingwa, akajua palepale mkanda uko wapi, akauona kabisa chini ya kiti kikubwa kilichofutwa, na badala ya kuandika upelekwe akacheka, "Mfunge na shuka, mama, kiti hicho, si ndege," akakata simu, na ilikuwa saa tatu asubuhi, fundi alikuwa hana kazi, pikipiki ya mizigo imeegeshwa mlangoni, mkanda uko rafuni, na mtoto alikuwa bado hajaanguka.