Zamu ya Munkoyo

Jiwe likishuka, mzizi unaruka. Ukiugonga katikati unachanika vizuri na nyuzi zake nyeupe zinatoka. Ukiugonga pembeni unakukimbia hadi kwa kuku. Wangu ulikuwa umekimbia mara nyingi, na kuku walikuwa wameshaanza kunisubiri.

"Polepole, Baba Simone," mke wangu Berthe alisema. "Ni munkoyo unaponda. Hauko unaua nyoka."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, na alasiri ile ya Ijumaa hakuwa na kazi nyingine ila kunilinda. Alikuwa na haki. Karibu naye, chini ya ukuta, sufuria kubwa ya uji wa mahindi ilikuwa ikipoa, na uji huo ulikuwa wa pili. Wa kwanza niliuharibu mimi, Jumatano.

Mama Émérence, jirani yetu wa hapa Kikula, alikuwa anabatizisha mjukuu Jumapili. Kinywaji cha sherehe alikuwa amekiagiza kwa Berthe, kwa sababu mtaa mzima unaujua munkoyo wa Berthe. Unga uliobaki nyumbani ulitosha sufuria hii tu, na ambao ungenunuliwa Jumamosi usingewahi kuchachuka. Na Berthe alikuwa ameniambia, bila kupaza sauti, maneno ambayo ningependa angeyapigia kelele:

"Hii ikiharibika, sitaki kukuona tena mu uwanja yangu. Utakaa mu salon, na viti."

Mtu anayekwenda kazini kila siku hawezi kuelewa tishio hilo. Salon yetu, yaani sebule, ina viti vyenye vitambaa vya kufuma na picha ya Bikira Maria. Vyote vimetulia, na hakuna kinachohitaji kapita.

Mimi nilikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, kule kiwandani Shituru, kwenye matangi ambamo mawe ya shaba huyeyushwa kwa asidi. Kazi yangu ilikuwa kutembea. Nilitembea kati ya matangi mikono nyuma, nikainama, nikanusa, nikasema, "Ongezeni mvuke." Tangi likipoa, kazi inalala na mkubwa anakuja juu. Nadhani nimesema "ongezeni mvuke" mara nyingi kuliko nilivyosali Baba Yetu.

Kisha nikastaafu. Walinipa mkono, wakanipigia makofi, tukatoka katika nyumba ya kampuni na kuhamia nyumba tuliyojijengea Kikula. Wiki za kwanza nilitembea uwanjani mikono nyuma, kati ya mabeseni.

"Beseni hii iko na kazi gani?" nilimwuliza Berthe.

"Ya kuoshea miguu yako. Njo maana iko kavu."

Ilipofika Jumamosi nilikwenda salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Watu wa Kikula wana ufundi mkubwa wa kuikwepa: huyu anaumwa mgongo, yule amefiwa na shangazi. Mimi nilifika wa kwanza na koleo langu mwenyewe, nikazibua mfereji hadi mbele ya milango ya watu ambao hawakuja. Jioni jirani mmoja alikuja kuniomba, kwa heshima zote, niugue kidogo wiki ijayo, kwa sababu mkubwa wa mtaa alikuwa ameanza kuuliza wengine wako wapi.

Basi Jumatano ilinikuta na nguvu nyingi na kazi hakuna. Berthe alipika uji, akauteremsha upoe, akaniambia, "Usiguse," akaenda sokoni. Nilikaa kando ya sufuria. Nikaona mvuke unapungua. Lazima niseme nilimhurumia. Nilijisemea, maskini Mama Simone, miaka yote hii anaiacha kazi ipoe, na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Nikatia makaa mapya kwenye mbabula, jiko letu, nikairudisha sufuria motoni, nikamwaga humo mizizi yote aliyokuwa ameiponda, nikakoroga, nikafunika kwa gunia ili joto lisitoroke. Kisha nikatembea kidogo mikono nyuma, nikiwa nimeridhika sana.

Munkoyo, kwa asiyeujua, ni mzizi unaolegeza uji mpaka uwe kinywaji chepesi, halafu kinachachuka kidogo. Lakini mzizi huo unataka uvuguvugu. Ukiupika, unakufa. Hayo nilielezwa baadaye. Berthe aliporudi na kufunua gunia, mwiko ulikuwa umesimama wima katikati ya sufuria kama mlingoti wa bendera.

"Ulifanya nini?"

"Nilisaidia."

Alijaribu kuung'oa mwiko.

"Ulisaidia nani?"

Uji ule haukutupwa. Niliula mimi, asubuhi na jioni, pamoja na nyuzi zake. Ilikuwa kama kula bukari, ugali wetu, iliyopikwa pamoja na kamba, na hadi Ijumaa ile nilikuwa bado nazitoa kwenye meno.

Nilikuwa nimefika kama nusu ya mizizi, Mama Émérence alipotokea kwenye ua.

"Ee! Kapita mwenyewe anaponda! Baba Simone, sikia. Padre atamwaga mayi juu ya mutoto, hiyo ni sawa. Lakini bantu bakitoka kanisa na kiu, miye nitabatuma kwako na vikombe."

"Itakuwa tayari, mama."

"Nani anasema? Weye ao Mama Simone?"

"Mama Simone," nilisema haraka.

Berthe hakunitetea. Mgeni alipokwenda zake, alinyoosha kidevu kuelekea sufuria.

"Tia kidole. Kama unaweza kukiacha mule bila kuungua, tunaweka mizizi."

Nilitia kidole. Nilikiacha mule, nikatazama kuku, nikatazama mawingu.

"Tayari," nilisema.

Berthe alitia chake, akakitoa mbio na kukipeleka mdomoni.

"Weye! Unataka kuiua tena?"

Nilivitazama vidole vyangu. Vilikuwa vigumu na vya manjano kama kwato, na kumbe havikuwa vinasikia chochote. Sikuwa nimelijua hilo. Kule kazini nilikuwa nasema "ongezeni" na mvuke unaongezwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama vidole vinasikia.

Berthe naye alivitazama. Sauti yake ilishuka kidogo.

"Tumia kiwiko. Hivi, pembeni ya sufuria. Kama mama anayepima mayi ya mutoto."

Kwa hiyo nilikunja mkono wa shati, nikapiga magoti, nikaegemeza kiwiko kwenye sufuria. Hapo ndipo Evariste, tuliyefanya naye kazi, alipopita kwa baiskeli akielekea zamu ya jioni.

"Casimir! Unasali kwa sufuria?"

"Napima joto."

"Na kiwiko?" Baiskeli iliyumba kwa kicheko chake. "Ongeza mvuke, kapita! Ongeza mvuke!"

Nilimsikia akicheka hadi kwenye kona. Sikuondoa kiwiko. Nilingoja. Kilichoma, kisha kikachoma kidogo, kisha nikasikia joto kama la shavu la mtu aliyelala mchana.

"Mama Simone. Sasa."

Berthe aligusa uji, akanisogezea beseni ya mizizi niliyoiponda. Nikaimwaga. Aliniruhusu kukoroga kidogo, akanishika mkono: basi. Mwiko tuliuacha humo ukiwa umesimama. King'ora cha Shituru kililia na mimi bado nimepiga magoti.

"Inafanya kazi?" niliuliza.

"Acha."

"Kule kwetu hatuachi tangi mpaka mutu wa zamu afike."

"Hapa munkoyo njo iko mu zamu. Weye unaenda koga."

Nilisimama, magoti yakalia. Nilitazama mara ya mwisho. Mwiko ulikuwa umeinama upande wa ukuta, au labda sufuria ndiyo haikukaa sawa, sikuthubutu kuuliza. Berthe alifunika kwa kitambaa. Chini, kando ya jiwe, nusu ya mizizi ilikuwa bado mizima.

"Na hii?"

"Ni ya munkoyo ya kuuza ku soko. Kesho nitanunua unga, utaiponda."

"Hapa uwanjani?"

"Unataka kuiponda mu salon?"

Niliikusanya mizizi ndani ya beseni, nikaiwekea jiwe juu ili kuku wasiiguse. Nilipogeuka kutafuta kiberiti ili niwashe taa, Berthe alikuwa ameshakifunga kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili.