Noti Iliyokaa Kati ya Ra na Re

"Ngazi ya noti za Kiajemi nimeimaliza kwa siku mbili, mzee," Lugano alisema, kalikumbatia gitaa lake kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Nimeianza Jumapili kwenye video za simu. Leo Jumanne imeshasalimu amri."

Mzee Ahmadi, fundi cherehani wa sokoni Tukuyu, hakuinua macho kutoka kwenye gauni alilokuwa akilipinda. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake, Mwanajuma, na baba wa bibi harusi hawezi kupokea wageni huku kapakata udi akiucharaza nyuzi. Kikundi chake cha taarabu kilihitaji mtu wa kufungua shughuli, na akifanya vizuri, abaki moja kwa moja. Lugano aliitaka nafasi ile hadi usingizini, maana kwaya ya kanisa la Kawetele ilikwishamsimamisha kwa kosa la kupamba nyimbo mpaka waimbaji wenyewe wakawa hawazitambui.

"Piga," mzee alisema.

Lugano akapiga. Vidole vilikimbia kama kuku walioona mwewe.

"Ya pili umeiruka."

"Ya pili ni ra, mzee. Nimeipiga."

"Si ra, si re. Inakaa katikati."

"Katikati pale hakuna mtu! Sisi wa kwaya solfa tunafundishwa ubaoni: ukitoka do, unaikuta ra, halafu re, ma, mi. Hakuna kituo kingine!"

Mzee hakubishana. Alikata uzi mnene wa nailoni, ule wa kushonea mabegi, akaufunga kwenye shingo ya gitaa kati ya vyuma viwili, akaukaza kwa meno.

"Wenyewe Waajemi hufunga hivi. Haya, piga."

Sauti iliyotoka ilimsimamisha Lugano nywele. Ilikuwa kama mtu anayetaka kukupa siri, halafu anakumbuka wewe ni mropokaji.

"Mpaka Jumamosi ni noti nne tu: do, hiyo, ma, fa. Zizungukie, tunga upendavyo, ila usitoke nje ya ua. Njia za ndani ukizijua, ndipo utatembea."

Noti nne! Jumatano alizipiga. Alhamisi alizipiga huku akipiga miayo. Ijumaa alilala.

Jumamosi mchana uwanja wa Mzee Ahmadi ulifurika. Upande mmoja walikaa ndugu waliotoka pwani, upande wa pili majirani wa Kawetele, na miguuni mwao mikungu ya ndizi na majogoo ya zawadi vikisubiri saa yake. Maikrofoni ikasogezwa. Lugano akaanza taratibu, ndani ya ua, na ile noti ya uzi ikaita. Wazee wa pwani wakafumba macho.

"Haswaa!" mmoja akasema.

Sifa ikampanda kichwani. Akaruka ua. Akaenda so, akapanda juu zaidi, akateremka mbio, kidole kikaukosa uzi na kutua kwenye re kavu. Sasa, kidole cha mwanakwaya kikishakanyaga re, kinajua njia moja tu ya kwenda nyumbani. Kabla hajajizuia, Lugano alikuwa anapiga pambio la sadaka ya mavuno.

Majirani wa Kawetele hawakuuliza. Pambio lile likilia, mtu hubeba alicholeta akaenda mbele akicheza. Wakainuka, ndizi kichwani, majogoo kwapani, vigelegele juu, wakamwendea bibi harusi kwa safu. Wa pwani wakatazamana, wakachukua vifurushi vyao, nao wakaunga mstari. Mwanajuma alifunikwa na zawadi, ukaonekana ushungi tu.

Shughuli ilipotulia, Mzee Ahmadi akamwita Lugano pembeni. Karibu yao Agness, sauti ya kwanza ya kwaya ya Kawetele, alikuwa akimkimbiza jogoo aliyekata kamba.

"Pale mwishoni, ulikusudia?"

"Nilikusudia, mzee! Nilisema leo Uajemi na Rungwe yetu washikane mikono. Nimelipanga tangu Jumanne."

"Vizuri. Kama ulikusudia, umeshanipita, sina la kukufundisha. Nenda salama. Aliyepotea ndiye ningemwambia aje Jumatatu, nimwonyeshe njia ya kurudi."

Lugano akafungua mdomo ajitetee.

"Mzee, asikudanganye!" Agness alidakia, jogoo kwapani. "Gwe Lugano, maikrofoni ilikuwa mdomoni kwako! Tumekusikia wote mpaka jikoni: 'Yesu wangu, natokaje humu?' Hata shehe aliyefungisha ndoa kakuonea huruma."