Jiwe la Njia ya Kwa Mwaitu

Musembi alikuwa fundi wa kuinua magari. Mji mzima wa Kwa Vonza ulimjua kwa hilo: ukitaka pikapu yako ivuke mto wa mchanga bila kukwaruza tumbo, mpelekee Musembi. Kwa hiyo Jumamosi ile ndugu yake mdogo, Kiilu, alipoingia gereji na gari lake jipya la umeme na kusema anataka lishushwe, Musembi alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaona Kiilu hacheki.

"Springi nimenunua Nairobi," Kiilu alisema akifungua boksi. Zilikuwa nne, nyekundu, fupi. "Zinashusha kama three centimetres hivi. Niwekee leo, bro. Kesho nampeleka Mwaitu kanisani Kitui."

Hapo kicheko kikamkauka. Mwaitu ndiye mama yao, mama Syokau wa Matinyani, na kumpeleka kanisani ilikuwa kazi ya Musembi tangu walipomzika baba, miaka saba sasa. Kila Jumapili pikapu yake ilipanda mpaka mlangoni kwa mama. Musembi alishuka na kigoda alichokichonga kwa mikono yake, akakiweka chini ya mlango wa gari, na mama akakanyaga kigoda akapanda huku majirani wakitazama. Kiilu alikuwa na digrii, kazi ya ofisi kule mjini Wote, nyumba ya vigae, na mke wake Yvonne anayeongea na watoto Kiingereza kitupu. Sawa. Musembi alimwachia yote hayo bila kununa, au tuseme bila kununa sana. Lakini Jumapili ilikuwa yake.

"Mwaitu amekubali?" aliuliza, kana kwamba anauliza habari za mvua.

"Ni yeye ameniambia nikuje."

Musembi aliinama akatafuta mahali pa kuweka jeki, wivu ukimpanda. Gari lile halikuwa na ekzosi wala tangi. Tumbo lake lote lilikuwa betri, bapa kama meza, na ukiweka jeki pabaya umeharibu mali ya watu. Hakuweka pabaya. Alilisimamisha juu ya stendi nne, akavua magurudumu, akatoa shoki, akazibana springi za zamani taratibu zisije zikaruka na kumtoa meno. Alitia zile nyekundu. Bolti za mikono ya chini inayoshika magurudumu hakuzikaza mpaka gari liliposhuka likasimama kwa uzito wake lenyewe, maana raba zake ukizikaza gari likiwa hewani zitakatika kabla ya Krismasi. Hajawahi kufanya kazi safi kama ile. Mtu mwenye hila moyoni hupenda kazi yake isiwe na doa.

Maana alikuwa amekumbuka jiwe.

Njia ya kwa mama, pale kwenye ua wa minyaa, ina jiwe katikati, kati ya mapito ya magurudumu. Kulia ni ua, kushoto ni mtaro. Huna pa kukwepea. Pasaka iliyopita Kiilu alilipita na gari lake hili hili, polepole, na watoto wakapiga makofi. Musembi alikuwa amechuchumaa kando kama mtu anayefunga kamba za viatu. Aliona kilichobaki kati ya jiwe na tumbo la gari: vidole viwili. Kiilu akiwa kwenye usukani hakuona. Na sasa vidole viwili ndivyo alivyokuwa akiviondoa, kwa oda ya mwenye gari, bado hujaweka uzito wa Yvonne, watoto wawili na mama mwenyewe wakati wa kuteremka kwenda kanisani.

Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Gari lingekwama pale na kupasuka tumbo, Kiilu angeshika kichwa, na Mwaitu angesema, "Musembi, leta pikapu." Aliisikia kabisa sauti hiyo, na ilimpendeza. Tusimpake rangi, ilimpendeza sana.

Alipomaliza, Kiilu hakuzunguka gari kulitazama jinsi vijana wa Kitui wanavyofanya. Alifungua mlango wa nyuma, akaketi kitini kwa matako, nyayo zote mbili zikiwa chini. Akainuka. Akaketi tena.

"Hapo sawa," alisema. "Sasa atakaa kwanza, halafu ageuke aingize miguu. Daktari alisema asipande kitu chochote. Nyonga imeisha, bro. Kila Jumapili akitoka kwa pikapu yako anameza dawa ya maumivu ndiyo alale."

Musembi alishika kitambaa cha mafuta akajifuta mikono iliyokuwa imeshafutwa. "Mbona hakuniambia mimi?"

"Alikataa hata mimi nikuambie. Alisema, 'Kile kigoda alichonga mwenyewe. Musembi ataumia.'"

Hapo ndipo angesema habari za jiwe. Alifungua mdomo, kweli. Lakini kilichomjaa kifuani hakikuwa huruma bado, kilikuwa wivu mwingine mpya kuliko wa kwanza: hata maumivu yake mama alikuwa amempelekea Kiilu. Alifunga mdomo. Kiilu akapanda, gari likaondoka bila sauti, na Musembi akabaki amesimama akilitazama likienda, chini, zuri, kazi ya mikono yake.

Usiku huo alilala vibaya, akamwona mama akikanyaga kigoda, mguu mmoja, halafu mwingine. Akakumbuka jinsi mama alivyokuwa akishika mlango kwa nguvu na kusema "Asante Yesu." Miaka yote alidhani ni ibada.

Alfajiri alikuwa Matinyani na mtaimbo na nyundo. Pikapu aliiacha barabarani ili asimwamshe mama. Jiwe hili mama alianza kumwambia alitoe mwaka ule ule wa mazishi, na kila mara alijibu kwamba limeenda chini sana, linataka tingatinga. Hajawahi kuligusa hata kwa jembe. Kwa nini aliguse? Pikapu yake ililipita bila kulijua, na teksi za Kitui, gari la mchungaji, yote yaliishia kwenye ua. Lilikuwa jiwe lake kuliko lilivyokuwa la njia.

Alipiga mtaimbo mara ya kwanza, ukaingia. Akachimbua upande wa pili, akaegemea kwa uzito wake wote, tayari kwa kazi ya saa tatu nzima. Jiwe likatoka, likabingirika mtaroni. Jasho lilikuwa halijamtoka.

Alikuwa bado amelikodolea macho aliposikia fimbo. Mama Syokau alikuwa amesimama njiani amevaa kitambaa cheupe cha kanisa, mkoba kwapani. Alitazama shimo, ambalo hata kuku akitaka kuogea mavumbi humo asingeenea. Alitazama jiwe mtaroni. Kisha akamtazama kifungua mimba wake.

"Musembi," alisema polepole, "kumbe lilikuwa dogo hivi?"

Musembi aliupiga udongo ndani ya shimo kwa kiatu, akaukanyaga, akaukanyaga tena, mpaka gari la Kiilu lilipokuja likapita juu yake bila kugusa kitu.